Riwaya ya Kijapani Katika Mkoba wa Mwanafunzi: Tuisome au Tuichome?

 

Ndugu msomaji, tumeonelea katika toleo hili tuandike juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wenzetu wakaliona dogo, nalo ni kitabu cha hadithi. Kitabu hicho kilikutwa katika mkoba wa mwanafunzi wetu wa darasa la jioni, binti wa miaka kumi na mitano, kikiwa pamoja na msahafu wake na daftari lake la nahau. Mwalimu mwenzetu aliyekiona alisoma maneno machache ya jalada la nyuma, akakuta mna habari za mungu wa nuru na mungu wa kike wa giza, akakichukua na kusema kwamba kitabu cha shirki hakikai mkoba mmoja na Kitabu cha Allah. Likapendekezwa kichomwe. Tulipoulizwa rai yetu tulijibu kwamba ni sawa, ilhali hata ukurasa mmoja hatukuwa tumeufungua. Binti yule hakuja chuoni wiki iliyofuata, wala ya pili, wala ya tatu. Ndipo tulipokiomba kitabu kabla hakijatiwa moto, tukakisoma kwa siku nne baada ya Isha. Haya tunayoyaandika ni matokeo ya usomaji huo, na ni kukiri pia kwamba tulihukumu kabla ya kujua, jambo ambalo tunawakataza wanafunzi wetu kila siku.

Kitabu ni riwaya ya bibi wa Kijapani, Noriko Ogiwara. Kwa lugha yake kilitoka mwaka 1988 kwa jina la Sorairo Magatama, kisha Cathy Hirano akakifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1993 kwa jina la Dragon Sword and Wind Child. Magatama ni kijiwe kilichochongwa mfano wa alama ya mkato tunayoitia katika maandishi, kichwa kinene na mkia mwembamba, ambacho Wajapani wa kale walikivaa kama kito. Na sorairo ni rangi ya mbingu. Ni cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu, na kimeandikwa kwa ajili ya vijana.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Katika nchi iitwayo Toyoashihara kuna vita virefu baina ya watu wa Nuru na watu wa Giza. Watu wa Nuru wanaongozwa na ndugu wawili, Teruhi na Tsukishiro, watoto wa mungu wa nuru, wazuri wa sura, wasiozeeka wala kufa, waliojipa kazi ya kuisafisha ardhi na kuiondoa miungu ya mito, misitu na milima. Watu wa Giza hufa kama tufavyo sisi, na kwa itikadi ya kitabu hicho huzaliwa tena. Saya, msichana wa umri sawa na wa mwanafunzi wetu, amelelewa katika kijiji cha Hashiba, kijiji kinachowatukuza watoto wa Nuru, naye anawapenda kwa moyo wake wote. Kisha anaambiwa kwamba asili yake ni Giza. Anapelekwa katika kasri la Mahoroba kumhudumia Tsukishiro, na huko anamkuta ndugu wa tatu, Chihaya, aliyefungiwa ndani akiulinda Upanga wa Joka. Hapo vinaanza visa vya kutoroka, vita na mapenzi. Mwisho wake hatutausimulia, kwa sababu tutakayoitaja mbele.

Msomaji asiyejua asili ya kisa hiki atadhani kwamba mwandishi amekibuni chote. La. Shina lake liko katika Kojiki, kitabu kikongwe kuliko vyote vya Wajapani vilivyotufikia, kilichokamilishwa mwaka 712 Miladia, sawa na mwishoni mwa karne ya kwanza ya Hijria. Ō no Yasumaro alikiandika kutokana na masimulizi yaliyohifadhiwa kifuani na mtu aitwaye Hieda no Are, na akakikabidhi kwa Malkia Genmei. Mwanafunzi yeyote wa hifdhi atavutiwa na jambo hili, kwamba nao pia walitegemea vifua kabla ya wino. Lakini tofauti ni kubwa mno: sisi tuna isnadi, na wao walikuwa na mtu mmoja aliyesikia na mmoja aliyeandika, kwa amri ya kasri lililotaka nasaba yake ithibitishwe.

Kojiki inasimulia kwamba Izanagi na Izanami, mume na mke, walivizaa visiwa vya Japani pamoja na miungu mingi. Izanami akafa kwa kuungua alipomzaa mungu wa moto. Mumewe kwa ghadhabu akamuua mtoto huyo kwa upanga, kisha akamfuata mkewe hadi Yomi, nchi ya wafu. Huko alimwona amekwisha kuoza, funza wamemjaa, akakimbia. Akaziba njia kwa jabali kubwa. Mke akaapa kuwaua watu elfu moja kila siku, na mume akaapa kwamba kila siku watazaliwa elfu moja na mia tano. Baada ya hapo Izanagi alikwenda kujiosha najisi ya wafu, na alipoosha jicho la kushoto akatokea Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Katika jicho la kulia akatokea Tsukuyomi wa mwezi. Na katika pua akatokea Susanoo mwenye fujo. Msomaji mwenye jicho atawatambua hapo Teruhi, Tsukishiro na Chihaya.

Tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha riwaya na ndipo palipotushtua sisi. Kwa kisa hicho jua lenyewe limezaliwa kutokana na kumkimbia maiti. Mauti ni uchafu, na utakatifu ni kujitenga nao. Ogiwara amelichukua wazo hilo akaliuliza swali ambalo Kojiki haikuliuliza: ni utakatifu gani huu unaomwacha mke nyuma ya jabali? Watoto wake wa Nuru ni wasafi, lakini hawajui kuhuzunika, kwani asiyekufa hana wa kumlilia. Saya ndiye anayelia. Basi sisi ambao tunamlaza maiti wetu kitandani, tukamwosha kwa mikono yetu kwa upole kana kwamba anahisi, tukamkafini, tukambeba mabegani na kuteremka naye kaburini, tutakuwa upande gani tukisoma kisa hicho? Tunakiri kwamba tulijikuta upande wa Saya, na hatukuhitaji kuacha chembe ya imani yetu ili tufike hapo. Fiqhi ya janaza ilitufikisha.

Sasa tuyaseme yaliyotukera, nayo yapo.

La kwanza ni la tafsiri. Neno la Wajapani ni kami. Katika Kiingereza limekuwa mungu, na mungu huyo wa nuru akaandikwa kwa herufi kubwa kama anavyoandikwa Mola Muumba. Lakini kami si Mungu kwa maana tuijuayo. Mwanachuoni wao Motoori Norinaga, aliyeishi baina ya 1730 na 1801 na ambaye sherehe yake ya Kojiki ina juzuu 44, alieleza kwamba kami ni kila kitu chenye ajabu isiyo ya kawaida na kinachotia hofu ndani ya nafsi: mti, bahari, mlima, mnyama au mtu, awe mwema au mwovu. Aliyesoma Kiarabu anajua kwamba ilah ni jambo moja, rabb ni jambo jingine, na jini ni jingine kabisa. Na anajua kwamba mwenye kuchanganya majina huchanganya itikadi. Kijana wetu anayesoma kwa lugha ya tatu hana wa kumwambia hayo. Anakutana na nuru iliyo dhalimu, na huku amehifadhi aya mashuhuri ya Suratun-Nur, akabaki na mkanganyiko moyoni asioweza kumweleza mtu, hasa ikiwa mtu huyo amekwisha kuwasha kiberiti.

La pili ni kuzaliwa tena. Saya anaelezwa kuwa ni roho ya binti mfalme wa zamani iliyorejea, na anabebeshwa deni la maisha ambayo hakuyaishi. Hapa hatuna upole. Itikadi hii inapindua msingi wa hesabu, kwamba kila nafsi inajibu yale iliyoyatenda wenyewe katika uhai mmoja, kisha barzakhi, kisha ufufuo. Na hatari yake imo katika utamu wake, kwa kuwa mwandishi hakuihubiri, bali ameipamba kwa mapenzi. Hatujapata kumwona kijana aliyelisujudia jua kwa sababu ya riwaya, lakini tumewasikia vijana wakisema kwa mzaha kwamba fulani na fulani walijuana katika maisha yaliyopita. Mzaha wa namna hiyo ndio unaohitaji mwalimu.

La tatu si la kitabu bali la historia iliyo nyuma yake, nayo haikutajwa popote katika jalada. Kojiki haikubaki kuwa ngano ya watoto. Kwa mujibu wake Amaterasu alimteremsha mjukuu wake Ninigi duniani, na kitukuu wa Ninigi ndiye Jimmu, anayehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza. Baada ya mwaka 1868 dola ya Japani iliifanya nasaba hiyo kuwa nguzo ya utawala, na katika katiba ya mwaka 1889 mfalme akatajwa kuwa mtakatifu asiyeguswa. Mwaka 1940 serikali iliadhimisha miaka 2600 ya enzi ya Jimmu, na mwaka huo huo ikapiga marufuku vitabu vya Tsuda Sōkichi, mwanahistoria aliyefundisha katika chuo kikuu cha Waseda, kwa kuwa alisema kwamba habari za zama za miungu zilitungwa ili kuipa nguvu nasaba ya wafalme. Mwaka 1942 mahakama ikamtia hatiani.

Mwaka huo wa 1942 majeshi ya Japani yaliiteka Indonesia, nchi ya mamilioni ya Waislamu, na watu wakaamrishwa kusimama na kuinama kwa heshima kuelekea kasri la Tokyo. Yapo majina ambayo vijana wetu hawayajui na walistahiki kuyajua kabla ya jina la Saya. Sheikh Abdul Karim Amrullah, maarufu kwa jina la Haji Rasul, mwanachuoni wa Sumatra aliyesoma Makka na ambaye ni baba yake Hamka, mwandishi wa Tafsirul Azhar, alihudhuria mkutano wa maulamaa mjini Bandung mwaka 1943. Watu wakasimama, wakainama. Yeye akabaki ameketi kitini. Mzee yule hakuwa na silaha. Na Kiai Zainal Mustafa wa Singaparna, mwalimu wa madrasa kama sisi, alikataa kuinama huko na akakataa pia mpunga wa wakulima kuchukuliwa kwa nguvu. Mwezi wa Februari 1944 yeye na wanafunzi wake wakapambana na askari, na mwaka huo huo akauawa. Allah awarehemu wote wawili.

Vita vilipokwisha, tarehe 1 Januari 1946 Mfalme Hirohito mwenyewe aliwatangazia watu wake kwamba fungamano lake nao halikusimama juu ya ngano, wala juu ya dhana kwamba yeye ni mungu. Binadamu aliyeinamiwa kwa lazima kutoka Sumatra hadi Korea akasema kwamba yeye ni binadamu.

Ukiyajua hayo, riwaya inageuka mbele ya macho yako. Ogiwara, aliyezaliwa mwaka 1959 katika Japani iliyokwisha kushindwa, amekichukua kisa kile kile cha kasri, akauweka ukoo wa jua upande wa washambuliaji, na akampa kisa msichana wa upande wa walioshambuliwa. Huenda hakukusudia siasa, sisi hatumsemei. Lakini kwa macho yetu kitabu hiki kimeuvua ule utukufu uliokuwa umevishwa nasaba, na wazee wetu wa Java wangelielewa jambo hilo upesi kuliko tulivyolielewa sisi. Na kilikuwa nusura kichomwe kwa tuhuma ya kuliabudu jua!

Mwalimu mwenzetu, ambaye tunamheshimu na ana ghera ya dini kuliko sisi, alitukumbusha riwaya ya Umar bin Khattab (R.A.) alipokuja na maandiko ya Watu wa Kitabu na Mtume (S.A.W.) akachukia. Hoja hii ni nzito na haifai kupitiwa juu juu. Tulirejea Fat-hul Bari, tukamkuta Al-Hafidh Ibn Hajar ametofautisha baina ya ambaye hajawa imara katika imani na aliyebobea, hasa anapohitaji kumjibu mpinzani. Mwenzetu akasema, "Basi binti wa miaka kumi na mitano amebobea wapi?" Amesema kweli, hajabobea. Lakini sisi, tuliotumwa na Waislamu kwa michango yao tukasome miaka mingi kwa Kiarabu, tunadaiwa kubobea. Ikiwa mwanafunzi hawezi kukisoma peke yake na mwalimu hataki kukisoma kabisa, basi nani atakisoma? Kitasomwa chini ya shuka kwa mwanga wa simu.

Na hii haikuwa desturi ya waliotutangulia. Ibnul Kalbi aliandika kitabu kizima kuhusu masanamu ya Waarabu, kila sanamu na mahali pake na watu wake, na bila yeye tungejua machache mno kuhusu Lata na Uzza. Al-Biruni alijifunza lugha ya Kisanskriti, akaandika itikadi za Wahindi kama wanavyozisema wenyewe, kisha ndipo akahukumu. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya alipowajibu Wanasara katika Al-Jawabus Sahih alikuwa na maandiko yao mbele yake. Na zaidi ya wote, Qur'ani yenyewe katika Suratun-Naml imetusimulia habari ya watu waliolisujudia jua, watu wa malkia wa Sabaa, na mleta habari alikuwa ndege. Nabii Sulayman (A.S.) hakumfukuza Hud-hud kwa kuyatamka hayo. Alitaka kwanza ajue kama anasema kweli, akatuma barua, akangoja jibu. Mwisho wa kisa hicho malkia alisilimu.

Hata Wajapani, tukiacha yetu, hawakuviogopa vitabu vyetu. Toshihiko Izutsu, ambaye hakuwa Mwislamu, aliifasiri Qur'ani kwa Kijapani moja kwa moja kutoka Kiarabu na kuichapisha mwaka 1957 na 1958. Tunamjadili katika mengi, lakini alisoma kabla ya kusema.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Hatusemi kila kitabu kiingie madrasa, wala hatusemi riwaya hii iwe somo. Wako watoto wadogo ambao tungeizuia kwao bila kusita, na yako mapenzi ndani yake ambayo mzazi ana haki ya kuyatazama kwanza. Tunachokataa ni hukumu ya jalada, na tunakataa zaidi hukumu inayompoteza mwanafunzi ili kuokoa rafu.

Mwezi uliopita tulikwenda nyumbani kwa binti yule. Mama yake alitupokea kwa heshima, akatukaribisha kiti, kisha akasema maneno ambayo hatukuyatarajia: "Ustadhi, mimi Kiingereza sikijui. Mwanangu alikuwa akinisimulia kitabu kile kila usiku tukimaliza kuosha vyombo. Tangu kichukuliwe hanisimulii kitu, si cha kitabu wala cha shule." Tulimrudishia binti kitabu chake mbele ya mama yake, tukamwomba radhi. Aliuliza kama tumekimaliza. Tulipojibu ndiyo, akasema, "Ustadhi, tafadhali usimwambie mtu mwisho wake, mama hajafika." Ndiyo sababu hatukuusimulia.

Amerejea darasani, ameketi safu ya nyuma, bado hazungumzi sana. Tumempangia yeye na wenzake watatu tafsiri ya kisa cha Hud-hud kila Jumatano. Wiki iliyopita aliinua mkono akauliza kama Izanagi alimwosha mkewe kabla ya kuliweka jabali. Tulimwambia kwamba hakumwosha, alikwenda kujiosha mwenyewe. Akaliandika jibu hilo katika daftari la nahau, kwa kuwa daftari la tafsiri alikuwa bado hajanunua, na tukaendelea na aya iliyofuata.